Emoji kwenye ramani za AutoCAD: dalili, chanzo na tiba

Mteja anayejenga chekechea hasomi alama za kihandisi. Ukimwekea 🚽 mlangoni mwa choo na 🌳 pale penye mwembe, anaielewa ramani kabla hujafungua mdomo. Ndiyo maana baadhi ya wachora ramani wanaotumia AutoCAD, programu ya kuchora kwa kompyuta, wanaweka emoji kwenye michoro ya bustani, viwanja vya maonesho, hoteli na shule za awali. Malalamiko nayo yanafanana: kwangu inaonekana, kwa niliyemtumia haionekani, kwenye skrini uso unacheka, kwenye karatasi ni doa jeusi.

Karibu yote yana mzizi mmoja. Emoji si picha. Ni herufi, kama ilivyo A au alama ya mkato. Ukimtumia mtu 🙂 kwa simu, kinachosafiri ni namba tu, U+1F642, na simu yake ndiyo inayochora uso kwa fonti iliyomo ndani yake. Kwa mazungumzo inatosha. Kwa ramani haitoshi, maana ukuta uliouchora sentimita 15 ni sentimita 15 kwenye kompyuta yoyote, na alama iliyo pembeni yake inapaswa kuwa hivyohivyo. Kwa hiyo msimamo wangu niuseme mapema: emoji ya kubaki kwenye ramani ichorwe kwa mistari na kuhifadhiwa kama bloku, yaani mistari iliyofungwa pamoja kuwa alama moja yenye jina. Kuichapa kwa kibodi ni kwa rasimu tu.

Kabla hujagusa chochote, hifadhi nakala ya faili kwa jina jingine na ufanyie kazi nakala hiyo. Kisha bofya emoji yenye tatizo na ubonyeze Ctrl+1. Dirisha la sifa likikuandikia Text au MText, hiyo ni herufi. Likiandika Block Reference, ni bloku. Dalili nne za kwanza hapa chini ni za herufi, zinazobaki ni za bloku na mistari.

"Naona alama ya kuuliza, au kisanduku kitupu"

Hili ndilo linaloongoza.

Chanzo cha kwanza ni mtindo wa maandishi kutumia fonti ya SHX, aina ya AutoCAD yenyewe, kama simplex au romans. Fonti hizi zilitengenezwa kwa ajili ya kalamu za plota, mashine za kuchora ramani kwenye karatasi, na hazina emoji ndani yake. Matokeo yake huwa ni alama ya kuuliza. Andika STYLE (kila ninaposema andika, ni kwenye mstari wa amri wa AutoCAD), tazama jina la fonti, na kama lina .shx badilisha uweke fonti ya TrueType, ile ya kawaida ya kompyuta. Kwenye Windows jaribu Segoe UI Emoji, au Segoe UI Symbol kwa alama za zamani kama ☺ na ⚠.

Chanzo cha pili: fonti ni ya TrueType lakini haina herufi hiyo. Arial, kwa mfano, ina ☺ lakini haina ⚠. Hapo utaona kisanduku. Badilisha fonti kwa maandishi hayo peke yake, usibadilishe mtindo mzima wa ramani, la sivyo maandishi yote yenye mtindo huo, hata ya vipimo, yatabadilika.

Chanzo cha tatu ni kompyuta ya mpokeaji. Kwako fonti ipo, kwake haipo. AutoCAD ikikosa fonti huweka mbadala uliotajwa kwenye FONTALT, ambao kwa kawaida ni simplex.shx, na hapo tumerudi kwenye alama ya kuuliza. Niliwahi kupeleka ramani ya A1 kwenye duka la kuchapisha nikiwa na faili la DWG pekee, yaani faili la AutoCAD lenyewe, nikarudi nyumbani na karatasi yenye visanduku kumi na viwili mahali pa miti. Tangu siku hiyo napeleka PDF. Ukitengeneza PDF kwa DWG To PDF, ingia kwenye chaguo za PDF na uweke alama ya kugeuza maandishi yote kuwa mistari. Faili litakuwa zito kidogo na maneno hayatatafutika, lakini kinachoonekana kwako ndicho kitakachoonekana dukani. Kama mpokeaji anahitaji DWG yenyewe, tumia ETRANSMIT na uhakikishe umeruhusu fonti ziingie kwenye furushi.

Chanzo cha nne hutokea mara chache: faili limehifadhiwa kwa toleo la zamani. DWG ilianza kutunza maandishi kwa Unicode, orodha ya kimataifa ya namba za herufi, kuanzia AutoCAD 2007. Mtu akikuomba faili la 2004 au R12, usitegemee emoji yoyote iliyochapwa.

"Nimeandika msimbo, zimetoka herufi za Kigiriki"

Hili huwatisha watu, na wengine hudhani ni virusi. AutoCAD inakubali msimbo wa Unicode kwa kuandika \U+ ikifuatiwa na tarakimu nne. Nne tu. Emoji nyingi za siku hizi zina tano. Ukiandika \U+1F642 programu inasoma 1F64, ambayo ni omega ya Kigiriki yenye alama juu yake, kisha inaandika 2 iliyobaki. Unapata ὤ2 badala ya uso. Choo chenye msimbo 1F6BD kitakupa omega kubwa na herufi D.

Tiba nyepesi ni kuacha msimbo. Fungua MTEXT, weka fonti ya Segoe UI Emoji, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na nukta, na uchague emoji kwenye dirisha linalofunguka. Msimbo wa tarakimu nne unabaki salama kwa alama za zamani: \U+263A ni ☺ na \U+26A0 ni ⚠, ilimradi fonti iwe nazo.

"Kuna kisanduku kimeng'ang'ania pembeni, au emoji moja imekuwa tatu"

Emoji nyingi ni mkusanyiko. Alama ya ⚠ ya rangi kwenye simu ni U+26A0 ikifuatiwa na herufi isiyoonekana, U+FE0F, inayosema "nionyeshe kwa rangi". Simu inaielewa. Programu ya ramani inaweza kuichora kama kisanduku. Weka kielekezi mwishoni mwa emoji, bonyeza kitufe cha kufuta nyuma mara moja, na mara nyingi kisanduku kinaondoka huku alama ikibaki.

Familia ya baba, mama na mtoto imeunganishwa kwa herufi nyingine isiyoonekana, U+200D, na rangi ya ngozi nayo ni herufi inayojitegemea, kati ya U+1F3FB na U+1F3FF. Ukibandika mkusanyiko wa namna hiyo kwenye MTEXT unaweza kupata watu watatu waliotengana, au mkono na kiraka cha rangi kando yake. Usihangaike na hizi. Chagua emoji isiyo na viungo, au chora.

"Kwenye simu ni ya njano, hapa ni mistari mitupu"

Hakuna kilichoharibika. AutoCAD huchukua umbo la herufi na kulipaka rangi moja, ile ya maandishi. Tabaka za rangi zilizomo ndani ya fonti ya emoji haizitumii. Zipo pia fonti za emoji ambazo ndani yake mna picha ndogondogo tu bila mistari yoyote, kama matoleo ya Noto Color Emoji yaliyotengenezwa kwa picha. Hizo zinaweza zisionyeshe kitu kabisa. Kama unataka mistari safi tafuta Noto Emoji isiyo na rangi, ambayo leseni yake ni huru. Kama unataka rangi, chora bloku.

Bloku ya uso, kwa vipimo

Nasimama hapa kidogo, kwa sababu dalili zinazofuata zinatokana na bloku zilizotengenezwa vibaya, na kutengeneza upya huchukua dakika tano.

Andika UNITS na uchague milimita. Hakikisha upo leya 0 (leya ni tabaka la mchoro) na rangi ni ByLayer, yaani inayofuata leya. Chora duara lenye kitovu 0,0 na nusu kipenyo 5. Macho ni maduara mawili ya nusu kipenyo 0.6, moja kwenye -1.8,1.5 na jingine kwenye 1.8,1.5. Mdomo ni tao la kitovu 0,0 na nusu kipenyo 3, kuanzia nyuzi 210 hadi 330 kinyume cha mwendo wa saa. Jaza macho kwa HATCH ya SOLID, yaani hechi, ujazo wa rangi tupu. Andika BLOCK, ipe jina linaloeleweka kama USO_FURAHA, na nukta ya kushikia iwe 0,0. Kisha WBLOCK, uihifadhi kama faili lake kwenye folda ya alama zako.

Umepata uso wa milimita 10. Kwa mistari minne mitano namna hii unaweza kuchora pia mti, bomba, moto na kiti. Usiongeze vivuli. Alama inayochapwa kwa milimita 5 haina nafasi ya kope.

"Ikichapwa inakuwa mpira mweusi"

Hapa ndipo nimeona watu wazuri wakipoteza karatasi nyingi zaidi.

Chanzo cha kawaida ni monochrome.ctb, jedwali linaloiambia AutoCAD kila rangi ichapwe vipi. Umejaza uso kwa njano, rangi namba 2, na macho umeyaacha meusi. Kwenye skrini unapendeza. Lakini monochrome.ctb hugeuza rangi zote 255 za orodha ya AutoCAD kuwa nyeusi. Uso unakuwa mweusi, macho meusi, mdomo mweusi. Angalia jina la ctb kwenye dirisha la PLOT kabla ya kugusa bloku. Kisha chagua moja kati ya haya:

- Ondoa ujazo wa uso, ubaki na mistari. Ndiyo tiba ninayoipendelea kwa ramani zinazopelekwa halmashauri au zitakazotolewa fotokopi.
- Ipe hechi ya uso rangi halisi ya RGB, kwa mfano 255,204,0. Jedwali la ctb halizigusi rangi za RGB, hivyo itatoka njano kwenye printa ya rangi na kijivu kwenye printa nyeusi.
- Tengeneza nakala ya ctb na upunguze nguvu ya wino kwa rangi hiyo moja, hadi asilimia 20 hivi. Ukichagua njia hii, ctb yako lazima isafiri na faili kila liendapo.

Chanzo cha pili: hechi imekaa juu ya macho. Fungua bloku kwa BEDIT, chagua hechi, andika DRAWORDER na uipeleke nyuma. Hifadhi, funga, kisha REGEN, amri ya kuchora skrini upya.

Chanzo cha tatu ni unene wa mistari. Mstari wa milimita 0.5 kwenye uso wa milimita 4 unameza mdomo. Shusha hadi 0.13 au 0.18.

Kinyume chake pia huripotiwa: ujazo haupo kabisa, skrini na karatasi. Andika FILLMODE, ikiwa 0, iweke 1 kisha REGEN. Na kama emoji ni herufi na inachapwa ikiwa na kingo tu, angalia TEXTFILL, nayo iwe 1.

"Imekuja kubwa kama uwanja, au siioni kabisa"

Andika ZOOM kisha E kwanza. Mara nyingi ipo, ila ni ndogo au iko mbali.

Chanzo kikuu ni vipimo kugongana. Andika INSUNITS kwenye ramani, kisha kwenye faili la bloku: 4 ni milimita, 5 sentimita, 6 mita, 1 inchi. Bloku ya milimita 10 ikiingia kwenye ramani ya mita hupunguzwa mara elfu moja na kuwa 0.01. Ukichapa kwa 1:100 ni sehemu ya kumi ya milimita, nukta isiyoonekana. Bloku ya inchi ikiingia kwenye ramani ya milimita hukua mara 25.4.

Kama vipimo vinakubaliana, basi ni hesabu ya skeli. Uso wetu ni milimita 10. Kwenye ramani iliyochorwa kwa milimita na kuchapwa 1:100, ukitaka uso wa milimita 5 kwenye karatasi ingiza kwa skeli 50. Ukibadilisha na kuchapa 1:50 utatoka milimita 10. Kama ramani moja unaichapa kwa skeli mbili au tatu, ifanye bloku kuwa Annotative (inayojirekebisha ukubwa kufuata skeli) unapoitengeneza, na usijumlishe hesabu hiyo ya mkono juu yake tena. Watu hufanya vyote viwili, ndipo uso unapofunika sebule.

Bloku ikiangukia mbali na mahali ulipobofya, nukta ya kushikia ilisahaulika. Itengeneze upya; kuisogeza moja moja ni kazi isiyokwisha.

"Nabadilisha rangi ya leya, emoji haitaki"

Mistari ya ndani ilipewa rangi yake moja kwa moja, au ilichorwa kwenye leya nyingine. Ingia BEDIT, chagua vyote, peleka leya 0, rangi ByLayer. Kama unataka kila uso upewe rangi yake bila kujali leya, tumia ByBlock. Ukiona bado, andika SETBYLAYER na uichague bloku.

"Nimeirekebisha, kwenye ramani bado ni ile ya zamani"

Ramani haisomi folda yako kila ikifunguliwa. Bloku ikishaingia, maelezo yake yanakaa ndani ya ramani. Ukileta nyingine yenye jina lilelile kwa kunakili na kubandika, ramani hubaki na yake na kuipuuza mpya. Andika -INSERT, kisha jina, alama ya sawasawa na njia ya faili jipya, kwa mfano USO_FURAHA=C:\alama\uso_furaha.dwg, ukubali kubadilisha maelezo, halafu bonyeza Esc kabla ya kuweka nyingine. Nyuso zote zitabadilika kwa pamoja. Kama bloku ina maandishi ya kujazwa, malizia kwa ATTSYNC, ukijua kwamba maandishi uliyoyasogeza kwa mkono yatarudi mahali pake pa asili.

Ndiyo sababu pia usiite bloku yako "emoji1". Siku moja utapokea ramani ya mwenzako yenye "emoji1" yake, na choo chako kitageuka kuwa mti.

"Nimeitoa mtandaoni, hechi haijazi na faili limekuwa zito"

AutoCAD haipokei SVG, faili la michoro ya mtandaoni, moja kwa moja, kwa hiyo wengi hupitia Inkscape, programu ya bure ya kuchora, na kuhifadhi kama DXF, faili ambalo AutoCAD inalifungua. Inafanya kazi, lakini DXF hiyo hubeba mistari bila ujazo, na mistari yenyewe huja vipande vipande. Kwanza, ndani ya Inkscape, geuza kila kitu kuwa njia kwa Shift+Ctrl+C. Herufi isiyogeuzwa haitatoka. Punguza nukta kwa Ctrl+L, mara moja au mbili. Ukizidisha uso unapinda. Baada ya kuileta kwenye AutoCAD endesha OVERKILL kuondoa mistari iliyolaliana, kisha PEDIT na uunganishe vipande. Hechi ikisema mpaka haujafungwa, kuna mwanya. Panua uutafute, au ongeza kidogo HPGAPTOL, ukubwa wa mwanya ambao hechi inauvumilia. Pima ukubwa wa umbo kabla ya kulifanya bloku, maana pikseli za SVG hazijui milimita.

Anza na mchoro mwepesi. OpenMoji ina toleo la mistari myeusi bila rangi linalofaa sana kwa kazi hii. Leseni yake ni CC BY-SA 4.0, hivyo unatakiwa kuwataja wenyewe na kugawa ulichokitengeneza kwa leseni hiyohiyo. Emoji za kampuni za simu zina wenyewe. Usizinakili kwenye ramani unayoiuza.

Mduara unaoonekana kama pembe nane baada ya haya yote ni suala la skrini tu. REGEN itaunyoosha.

Pa kuachia na kumwita mwenye fani

Kama ramani ilianza kukwama au kufunga programu baada ya kuingiza emoji, fungua nakala, andika AUDIT ukubali kurekebisha, kisha PURGE. Faili lisipofunguka, jaribu RECOVER, mara moja, juu ya nakala. Likikataa, acha. Usilihifadhi juu ya lile la asili, usilipitishe kwenye programu za kurekebisha unazozikuta ovyo mtandaoni. Tafuta faili la .bak lililo kando yake, libadilishe jina liwe .dwg, na kama nalo halifai mpelekee mtaalamu wa CAD yote mawili pamoja na toleo la programu unayotumia na jambo la mwisho ulilofanya kabla ya hitilafu.

Kituo cha pili ni kizito zaidi. 🔥 na 🚪 hazichukui nafasi ya alama za usalama. Mchoro wa njia za kutokea wakati wa moto, mahali pa vizimamoto na pa kukusanyikia hutumia alama zilizosanifishwa, kama za ISO 7010, ambazo mtu anazitambua akiwa katikati ya moshi. Mchoro wa umeme nao una alama zake, na fundi akikuta ⚡ ukutani hawezi kujua kama ni soketi, swichi au bodi ya fyuzi. Ramani ya kuombea kibali cha ujenzi inabeba muhuri wa mbunifu majengo au mhandisi aliyesajiliwa, na yeye ndiye atakayeulizwa. Ukiombwa kuweka emoji kwenye mojawapo ya michoro hiyo, kataa kwa upole, weka emoji kwenye leya yake ya maonesho unayoweza kuizima kwa mbofyo mmoja, na mpelekee aliyesajiliwa nakala isiyo nazo aikague kabla haijachapwa.